Godoro Uani: Daftari la Nesi wa Zahanati, Muheza

Jumatatu, 22 Aprili 2024

Mvua tangu alfajiri. Kliniki ya watoto imechelewa kuanza, akina mama wamejibana barazani na miavuli yao inayovuja. Tumepima, tumechanja, saa sita wote wameondoka. Kabaki mmoja, mama wa H., anajifanya anatafuta kadi ya mwanawe ndani ya pochi. Kadi ilikuwa mkononi.

"Nesi, hivi kuna dawa ya kukata mkojo?"

Mkojo wa nani? Si wa huyu wa mgongoni. Ni wa kaka yake, H., miaka 8, yuko darasa la pili. Anakojoa kila usiku, tangu azaliwe hajawahi kulala mkavu wiki nzima. Kanitajia yote aliyojaribu. Kamnyima maji kuanzia saa kumi jioni. Kamvalisha hirizi. Kamchapa. Wiki iliyopita alimtwisha godoro akamzungusha uani mbele ya wapangaji wote, watoto wakamfuata nyuma wakimwimbia ule wimbo wao wa kikojozi. "Na usiku uleule akakojoa tena, nesi. Uleule!"

Baba yake anasemaje?

"Anasema namdekeza."

Nimemwambia amlete Alhamisi, na mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi. Fimbo nimemwomba aiweke kando mpaka siku hiyo. Hakuniahidi. Kaniuliza tu: "Na godoro nianike wapi kwa mvua hii?"

Swali la haki kabisa. Sisi tunahubiri upole, yeye ana godoro la sponji lililolowa, chumba kimoja, na mwezi mzima wa masika mbele yake. (Majina ya watu siandiki humu. Madaftari hupotea.)

Alhamisi, 25 Aprili

H. kaja. Mwembamba, macho sakafuni, ananuka sabuni; mama kamsugua kweli. Uzito unafaa kwa umri wake. Kipimo cha mkojo: hakuna sukari, hakuna protini, hakuna damu. Mchana hajikojolei. Haumwi akienda haja ndogo.

Nilipombonyeza tumbo upande wa kushoto, chini, nikakuta pagumu. Choo kikubwa mara ya mwisho lini? Mama hajui. Mtoto kafikiri: "Jumapili." Leo Alhamisi! Utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, nafasi ya mkojo ikapungua. Watu hudhani kufunga choo na kukojoa kitandani ni habari mbili tofauti.

Mbona hajisaidii shuleni? "Choo cha shule kinanuka, halafu hakina mlango." Basi hanywi maji shuleni ili asihitaji kwenda. Akirudi nyumbani saa tisa ana kiu ya siku nzima, anagugumia vikombe kwa vikombe mpaka mama anapofunga mtungi saa kumi. Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Ningependa kuziona shule zinazotimiza hilo. Mama anabeba lawama ya godoro, na nusu ya godoro imelowa kwa sababu ya choo cha shule.

Nikamuuliza mwenyewe: usiku inakuwaje? Kanyamaza, halafu: "Naota niko chooni."

Mama kamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.

Ijumaa, 26 Aprili, sikukuu

Muungano umetimiza miaka 60. Redio ya jirani iko juu tangu asubuhi. Nimekaa na makaratasi ya semina na simu mpaka chaji imekwisha. Ninayotaka yakae kichwani kabla ya kuwafundisha akina mama Jumatatu:

Chini ya miaka 5, tuwaache. Mama wa mtoto wa miaka 3 asipewe hata somo, apewe pole tu. Wakifika 5, kama watoto 15 kati ya 100 bado hukojoa kitandani, na kila mwaka unaopita, kati ya waliobaki, kama 15 kwa 100 huacha wenyewe bila dawa wala dua. Ukubwani hubaki mmoja au wawili kwa 100. Wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Kwa nini? Usiku ubongo huachia homoni inayoziamuru figo zipunguze kutengeneza mkojo. Kwa watoto wengine amri hiyo huchelewa miaka. Wengine kibofu chao hushika kidogo. Na karibu wote, kibofu kikijaa hakiwaamshi. Kuna kanuni nyepesi ya kukadiria ujazo: umri ongeza moja, zidisha kwa 30, unapata mililita. H. ni 270. Hazifiki hata chupa moja ya soda.

Kisha urithi. Mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, kama watoto 4 kati ya 10 hufuata. Wazazi wote wawili, zaidi ya 7. Hili ndilo litakaloleta kelele.

Kuna na kengele. Mwaka 1904 daktari wa watoto wa Austria, Pfaundler, aliweka kifaa vitandani kiwaarifu wauguzi mtoto akilowa, ili wambadilishe upesi. Akashangaa kuona baadhi ya watoto wameacha kukojoa. Mwaka 1938 Mowrer na mkewe, wanasaikolojia wa Marekani, wakaigeuza kuwa tiba, na mpaka leo ndiyo njia ambayo faida yake hudumu zaidi hata ukishaiacha. Inataka miezi ya uvumilivu na mtu mzima wa kuamka nayo. Muheza sijaiona dukani. Kuna na dawa, desmopresini. Husaidia usiku ule inapotumiwa, na mtoto akinywa maji mengi juu yake chumvi ya damuni hushuka vibaya. Hiyo ni ya daktari, siipeleki barazani.

Kwa hiyo nina mdomo tu. Na benchi la akina mama kila Jumatatu.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikuanza na mtoto. Nimeuliza: "Humu ndani, nani alikuwa anakojoa kitandani utotoni?"

Kimya. Wengine wanatazama dari. Kisha mama mmoja muuza mboga, mtu mzima mwenye mwili wake, kanyoosha mkono huku anacheka: "Mimi mpaka nakaribia kuvunja ungo. Na nimeolewa, na nina watoto sita!" Baraza zima likaangua kicheko, mikono ikaanza kupanda. Sikutegemea mingi vile.

Baada ya hapo nikafundisha kwa raha. Maji: mpe mengi asubuhi, mpe mchana, punguza kama saa mbili kabla ya kulala. Ukimnyima mchana kutwa, mkojo unakuwa mkali, unanuka zaidi, na choo kinafunga. Chai ya majani usiku, kahawa na soda ya kola, hapana. Hapo wakanikamata: "Nesi, chai na mkate ndiyo chakula chetu cha usiku." Kweli. Nyumba ngapi hapa zinakula ugali saa mbili usiku? Tukakubaliana chai yake iwe ya tangawizi bila majani, au apewe uji mzito, kikombe kimoja, mapema. Papai na mboga za majani ili choo kilainike. Akojoe kabla ya kupanda kitandani, kila siku, asisubiri kubanwa.

Kumwamsha? Mmoja humbeba mwanawe saa sita za usiku akiwa usingizini, anamshikia kopo. Nikamwambia shuka linapona, lakini mtoto hajifunzi kitu na yeye halali. Ukimwamsha, aamke kweli, atembee kwa miguu yake. Ukiona mnagombana usiku, acha.

Zawadi nazo zina mtego. Usimwahidi ndala mpya akilala mkavu. Hilo haliko mikononi mwake. Msifu kwa analoliweza: kakojoa kabla ya kulala, kakunja shuka asubuhi, kasema ukweli.

Kisha kasimama mmoja mwenye hasira. "Nisipomchapa atajuaje kwamba ni kosa? Mimi nilichapwa, nikaacha."

"Uliacha na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Ulianza kuchapwa lini?"

"Sita."

Sikusema zaidi. Wenzake ndio walioanza kucheka, na yeye mwishowe kacheka, ila si sana.

Nimewaambia: mtoto mmoja anatembea na miezi 9, mwingine na miezi 15, na hakuna anayemchapa huyu wa pili. Nadhani hilo lilieleweka kuliko homoni zangu zote.

Ijumaa, 3 Mei

Redioni ni Kimbunga Hidaya tu. Upepo, mawingu meusi, zahanati tupu. Nimekaa kufikiria godoro.

Kwa maana ukweli ni kwamba hasira ya mama haiko kwenye mkojo. Iko kwenye kazi. Ndoo za maji, sabuni, shuka mbili alizonazo, godoro lisilokauka wiki tatu, na harufu inayowafanya wapangaji wengine waanze kusemasema. Ukimpa mafunzo ya subira bila kumpunguzia dobi, atasubiri siku nne halafu atashika fimbo.

Jibu limekuwa mbele ya macho yangu wakati wote: mpira wa kujifungulia. Kila mjamzito tunamwambia anunue, na wengi wakishajifungua wanaukunja na kuuweka uvunguni. Uoshwe vizuri kwa sabuni na maji yenye klorini, ukaushwe, utandikwe juu ya godoro. Juu yake kanga nzee iliyokunjwa mara mbili, maana mpira mtupu unamtoa mtoto jasho na kumchubua. Kisha shuka. Asubuhi kinafuliwa kitambaa tu, godoro haliguswi. Asiye na mpira, nailoni nzito ile ya kufunikia meza inatosha.

Mtoto mwenyewe atoe shuka, aloweke kwenye beseni. Isiwe kama adhabu, wala mbele za watu. Iwe kama anavyopiga mswaki. Aoge kwa sabuni kabla ya shule, makalio na mapaja, apakwe mafuta. Darasani watoto hawasikii homoni, wanasikia harufu.

Na chandarua kiangaliwe. Wapo wanaokitoa kwa sababu pindo limelowa mkojo. Malaria si mbadala wa shuka chafu.

Jumapili, 12 Mei

Nimepita kwa mama wa H. baada ya ibada. Nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, choo kule mwisho kabisa nyuma ya banda la kuku. Hakuna taa. Njia ina matope na mawe. Mimi mwenyewe nisingekwenda pale saa nane za usiku, nina miaka 47.

Mpira umetandikwa. Mama kanionyesha kwa fahari, kabonyeza godoro kwa kiganja: kavu. H. bado anakojoa, lakini choo anapata karibu kila siku, na anakwenda shule na chupa yake ya maji.

Nimeshauri ndoo yenye mfuniko iwekwe pembeni mwa chumba, na tochi ndogo ya sola iachwe ikiwaka. Baba yake, fundi pikipiki, kaguna: "Mtoto wa kiume akojoe kwenye ndoo?" Mama kamjibu kabla yangu, "Si anakojoa kwenye godoro?" Hapo baba kanyamaza.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulikuwa tumeshaagana, ndipo akasema, akitazama matairi ya daladala, kwamba na yeye alikuwa hivyohivyo. Alilelewa kwa mjomba wake. Alikuwa analazwa sakafuni jikoni. Aliacha alipokuwa darasa la sita, hajui kwa nini.

"Mwambie H.," nikasema.

"Aa, nesi. Hayo ya nini."

Mama wa H. halijui hilo. Miaka kumi ya ndoa anaambiwa anadekeza.

Jumanne, 21 Mei

Leo nimetetemeka.

Shangazi kaleta binti wa miaka 9. Malalamiko: "Kaanza ujeuri, anakojoa kitandani ukubwani." Alikuwa mkavu tangu ana miaka 3. Kaanza wiki chache zilizopita, na ameshachapwa mara kadhaa. Nikamtazama: shingo imekonda, midomo mikavu, macho yamezama. Wakati tunaongea kaomba maji mara mbili. Nikamuuliza shangazi kama anaamka usiku kunywa. Kumbe anamaliza mtungi. Halafu shangazi kaongeza, kwa kulalamika tu: "Na pale anapokojoa uani panajaa sisimizi."

Nikachukua glukomita. Haikutoa hata namba, imeandika kwamba sukari imepita uwezo wa mashine. Mkojo: sukari tele na ketoni. Tumempigia dereva wa gari la wagonjwa, binti kaondoka na dripu kwenda hospitali. Kisukari cha watoto kinachotaka insulini. Angekaa siku chache tena, pengine angeletwa amezimia, anahema kwa kasi, na mtu angesema ni malaria imepanda kichwani.

Kuanzia sasa somo halitaanza na maji wala chai. Litaanza na hawa wasiosubiri: aliyekuwa mkavu miezi sita na zaidi kisha kaanza upya, mwenye kiu isiyokwisha na anayekonda, mwenye homa au maumivu akikojoa, mwenye damu kwenye mkojo, maana mito na madimbwi yetu yana kichocho, anayejikojolea na mchana, binti ambaye chupi yake haikauki saa zote, anayelegea miguu au kubadilika mwendo. Hao waletwe leo. Na mwenye selimundu, mama ajue kwamba figo zake zenyewe hushindwa kukaza mkojo, na kwamba kumnyima maji mtoto huyo ni hatari: anaweza kuamsha maumivu ya mifupa.

Halafu lile ambalo hakuna anayetaka kuuliza. Mtoto aliyeanza upya, nyumbani kumetokea nini? Mtoto mchanga kazaliwa, msiba, wamehama, wazazi wametengana, kapelekwa bweni? Au kuna mtu anamdhuru? Unauliza ukiwa naye peke yake, taratibu, bila mlezi mlangoni. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Nimeziandika kwa maka ukutani, pembeni ya ratiba ya chanjo.

Ijumaa, 31 Mei

Mwisho wa mwezi, ripoti. Vitabu vya takwimu za zahanati (MTUHA) vina safu ya malaria, kuhara, nimonia, minyoo. Mtoto anayekojoa kitandani hana safu. Nimewaandika kwenye "mengineyo", pamoja na aliyeumwa na nge. Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti wala semina, kwa hiyo mama atabaki na jirani na mganga.

Shule zinafungwa, maswali ni ya likizo. Mtoto aende kwa mama mkubwa Dar au abaki? Aende! Ila mama ampigie dada yake kabla, amweleze wazi, na mpira uingie kwenye begi chini ya nguo. Mtoto ajue nani pale nyumbani anajua. Kumficha ndiko kunakomfanya akeshe usiku kucha, halafu alfajiri usingizi unamzidi.

Binti wa sisimizi karudi nyumbani. Anajifunza kuchoma sindano. Shangazi kaja peke yake, kakaa benchi la mwisho, somo lote hakusema neno. Lilipokwisha kaniomba nimwandikie zile dalili kwenye karatasi, apeleke kikoba chao.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua zimekwisha. Magodoro yameanikwa kila ua, ya wakojozi na ya wasiokojoa, huwezi kujua lipi ni la nani.

Mama wa H. kaleta mdogo kupima uzito. Kuhusu mkubwa: kuna wiki analala mkavu usiku mmoja au miwili, kuna wiki hakuna. Fimbo hakuna. Nimemwambia asitegemee zaidi ya hapo kwa sasa, inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua miwili. Hakukasirika. Kasema akishajua kwamba si yeye aliyekosea malezi, hata shuka linafulika.

Nimemuuliza kama baba H. amewahi kumsimulia mwanawe chochote. "Kumsimulia nini?" Nikabadilisha mazungumzo.

Ndiyo maana leo nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tumekuwa tukiwafundisha akina mama peke yao kuhusu jambo ambalo baba huenda ndiye aliyelileta nyumbani, kisha tunashangaa mama anarudi kuambiwa anadekeza. Somo lijalo ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, ofisi ya kitongoji, na tangazo linasema akina baba kwanza. Yule mama muuza mboga wa watoto sita kakubali kuja kuzungumza. Anasema mumewe naye atakuja, atake asitake.